Maswali ya Wasomaji: Mlima, Msitu na Kaboni

Ndugu wahariri, hapa kwetu Mpwapwa ukitoka mjini unapita migunga na mibuyu. Ukianza kupanda kuelekea milima ya Rubeho unaingia miombo, na juu kabisa unakuta msitu mnene wa ukungu, miti imeota ndevu za kuvumwani. Je, tuseme kadiri unavyopanda ndivyo aina za miti na kaboni zinavyoongezeka? (Mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, Mpwapwa)

Kwa mlima wenu, na hadi kimo fulani, ndiyo. Ila msiifanye kanuni ya kila mlima, kwa sababu mita zenyewe hazioteshi mti. Kinachofanya kazi ni vitu vinavyobadilika pamoja nazo.

Cha kwanza ni joto, ambalo hushuka kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kila unapopanda mita 100. Dodoma mjini ni kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni wastani wa milimita 570 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Katika hali hiyo mti hausumbuliwi na baridi bali na kiu ya miezi saba. Panda mita 900 zaidi: hewa imepoa kwa nyuzi tano hivi, maji hayakauki haraka, na miteremko inayotazama mashariki hupata mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi. Matone ya ukungu yanayodondoka kutoka kwenye majani na kuvumwani ni maji ya ziada ambayo kipimamvua kilichowekwa uwanjani hakiyaoni.

Basi chini ukame unachuja. Hubaki mgunga, mbuyu na jamaa zao wenye miiba, majani madogo au shina la kuhifadhi maji. Juu kabisa baridi, upepo na udongo mwembamba wa kileleni unachuja tena. Katikati ndipo aina za chini na za juu hukutana, na ndiyo maana mlima unaoanzia nchi kavu mara nyingi huwa na aina nyingi zaidi kiunoni kuliko miguuni au kichwani. Mlima unaoanzia kwenye mvua nyingi, mfano Usambara Mashariki, una utajiri mkubwa tangu miguuni, kwa hiyo mchoro wake hauwezi kufanana na wenu.

Umbo la msitu nalo hugeuka. Nyikani miti ni mifupi, imeachana, na mingi imechipuka mashina kadhaa kutoka kisiki kimoja. Miombo hufunga kidogo, lakini hupukutisha majani kiangazi, mwanga hufika chini, nyasi huota na moto hupita. Msitu wa mlimani una tabaka mbili au tatu za majani, chini ni kibichi, na moto hauingii kirahisi. Hapo mti unapata nafasi ya kuzeeka na kunenepa, na kaboni ya msitu iko kwa wanene: miti michache yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 50 huweza kubeba uzito mkubwa kuliko mamia ya fito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature, uliojumuisha misitu ya milimani ya nchi 12 za Afrika, ulipata wastani wa tani 149.4 za kaboni kwa hekta katika miti iliyosimama, wakati makadirio yaliyokuwa yakitumika kimataifa yalikuwa tani 89.3. Miombo yetu ya kawaida haikaribii hapo.

Msisahau udongo. Baridi hupunguza kasi ya kuoza, mboji hulundikana, hivyo kaboni ya ardhini mara nyingi huendelea kupanda hata pale miti inapoanza kudumaa.

Tumepewa utepe na fomu tupime msitu wetu wa kijiji ulio mteremkoni. Tuanzie wapi, na ni wapi watu hukosea? (Kondoa)

Gawanyeni mlima kwa mikanda ya mita 100 za mwinuko na muweke angalau ploti tatu (vipande vidogo vya kupimia) kila mkanda, upande wa mawingu na upande mkavu. Mahali pa ploti papangwe kwenye ramani kabla hamjatoka nyumbani. Mkichagua mkiwa njiani mtajikuta mnapima palipo rahisi kufika, na palipo rahisi kufika ndipo palipokatwa.

Ploti ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 15 inatosha. Ni mita za mraba 707, kwa hiyo matokeo ya hekta hupatikana kwa kuzidisha mara 14.1. Katika tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, miti ya sentimita 20 na zaidi hupimwa ndani ya mita 15, ya sentimita 10 na zaidi ndani ya mita 10, na ya sentimita 5 na zaidi ndani ya mita 5. Fuateni hivyo; itawaokoa kuhesabu kila fito. Kumbukeni tu kwamba kila duara lina kizidisho chake: la mita 10 ni 31.8, la mita 5 ni 127.3.

Kosa la kwanza kwa ukubwa ni mteremko. Hekta huhesabiwa kwa ardhi iliyolazwa, kama inavyoonekana kwenye ramani. Kamba ya mita 15 ikilazwa kwenye mteremko wa nyuzi 30 inafunika eneo dogo kuliko mnavyodhani, na kaboni yenu kwa hekta itapungua kwa karibu asilimia 13 bila mti hata mmoja kukatwa. Gawanyeni 15 kwa kosaini ya mteremko: kwa nyuzi 30, kamba ya kupanda na kushuka iwe mita 17.3, ya pembeni ibaki 15.

Unene hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, mkisimama upande wa juu wa mteremko. Mzingo ugawanywe kwa 3.14 kupata kipenyo. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 ni mashina mawili.

Kosa la pili ni kutopima urefu wa mti. Tumieni klinomita, kifaa cha kupimia pembe, na mrudi nyuma kwa kufuata usawa wa mlima, si kuteremka. Kwa mgunga wenye kichwa bapa lengeni ncha ya juu kabisa. Mkilenga ukingo ulio karibu nanyi mti "utarefuka". Urefu una uzito gani? Mlinganyo unaotumika sana kwa miti ya tropiki ni huu: uzito mkavu kwa kilo = 0.0673 × (densiti ya mbao × kipenyo × kipenyo × urefu), mabano yote yakipewa kipeo cha 0.976. Densiti ni gramu za mbao kavu kwa sentimita ya ujazo, kipenyo ni kwa sentimita, urefu kwa mita. Chukua mti wa sentimita 30 wenye densiti 0.6. Ukiwa bondeni na mita 18, uzito ni kilo 525. Ukiwa kwenye mgongo wa mlima, upepo umeuzuia kwenye mita 8, ni kilo 238. Utepe umesoma namba ileile kwa wote wawili! Kaboni ni asilimia 47 ya uzito huo.

Je, mlinganyo huo unafaa kwa mbuyu? (Chamwino)

Kwa tahadhari kubwa. Mbuyu ni tangi la maji, densiti yake iko chini ya 0.3. Ukiuwekea 0.6 umeuongezea uzito takriban mara mbili, na mbuyu mmoja mnene ukiangukia ndani ya ploti unaweza kuufanya mkanda wa chini uonekane tajiri kuliko miombo iliyo juu yake. Andikeni mibuyu kwenye fomu yake, muikokotoe pembeni.

Mimi nafuga nyuki Manyoni. Itigi iko juu kuliko Dodoma mjini, mbona vichaka vyake havizidi mita tano hivi? (Singida)

Ni udongo. Kichaka cha Itigi kinaota kwenye mchanga tifutifu uliolala juu ya tabaka gumu ambalo mizizi mirefu na maji hupenya kwa shida. Ndiyo maana tunarudia kwamba mwinuko peke yake hausemi mengi. Tena kichaka kile kina mashina mengi mno kwa hekta, na hapo kuna mtego kwa wanaolinganisha aina za miti: mwenye mashina 300 kwenye ploti atapata aina nyingi kuliko mwenye 40 hata kama misitu ni sawa. Linganisha idadi ya aina kwa idadi ileile ya mashina, mfano 40 yaliyochaguliwa bila upendeleo kila upande.

Shikamooni wahariri. Nimepima ploti 12 kwa ajili ya tasnifu. Kaboni inapanda vizuri kutoka bondeni hadi mita 1,800. Je, niandike kwamba mwinuko ndio sababu? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Usiandike bado. Rudi kwenye ploti zako uhesabu visiki, matanuri ya mkaa, alama za moto na njia za mifugo, kisha upime umbali hadi barabara. Bondeni ndiko watu wanakoishi, na shoka huchoka likipanda mlima. Ukikuta ploti za chini zina visiki 20 na za juu hazina, umepima umbali wa kijiji, na mwinuko umesingiziwa. Weka visiki katika hesabu pamoja na mwinuko, tenga miteremko ya mashariki na ya magharibi, uone kinachobaki. Ploti 12 ni chache kwa kazi hiyo. Ongeza, hasa kwa kutafuta sehemu za chini zilizonusurika, mfano kwenye makaburi ya zamani na misitu ya matambiko, ukiomba ruhusa ya wazee kwanza.

Jambo moja zaidi: usichukue mwinuko kwenye simu mara moja tu. Chini ya majani mazito usomaji huyumba kwa makumi ya mita. Soma kwenye uwazi ulio karibu, au chukua namba kutoka mistari ya kontua, ile ya mwinuko kwenye ramani.