Mira mara mbili usiku mmoja, namba mbili tofauti

Ndugu, umeuliza kama darubini ya macho mawili ya 10x50 inatosha kufuatilia nyota badilifu, maana uliupima mng'ao wa nyota Mira mara mbili usiku uleule ukapata 4.2, kisha 3.7 (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi). Inatosha kabisa. Natumia ya aina hiyo mwaka wa tisa sasa, na tofauti yako ya 0.5 naifahamu vizuri kwa sababu na mimi nilianza nayo.

Anza na rangi. Mira ni nyekundu, na gizani ukiikazia macho nyota nyekundu inazidi kung'aa kadiri unavyoitazama, wakati jirani yake nyeupe haibadiliki. Nadhani namba yako ya pili ilikuja baada ya kutazama sana, si ndiyo? Itupie jicho sekunde moja au mbili, hamia kwenye nyota ya kulinganisha, yaani jirani ambayo mng'ao wake unajulikana, rudi, basi. Mimi pia huharibu fokasi kidogo makusudi mpaka nyota ziwe vidoa vya mviringo, maana doa na doa hulinganishika vizuri kuliko nukta na nukta.

Halafu kuna kichwa chako. Nyota mbili zikiwa sawa kabisa, ile iliyo chini kwenye lenzi huonekana kung'aa zaidi. Niliwahi kujaribu kwa jozi moja: jioni moja ilikuwa juu ya nyingine, saa kadhaa baadaye zikawa zimelala sambamba, na makadirio yangu yakahama kwa 0.3 bila nyota yoyote kubadilika. Inamisha kichwa mpaka macho yako yawe sambamba na mstari unaounganisha nyota hizo. Na weka darubini kwenye stendi ya miguu mitatu, au angalau egemeza viwiko, kwa sababu mkono unaotetemeka huzifanya nyota hafifu zipotee kabisa.

Lakini lililonigharimu zaidi lilikuwa daftari. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nafungua ukurasa wa jana kabla ya kutoka nje. Mchoro wangu wa Mira ukatoka laini, mzuri, nami nikaamini jicho limekomaa. Zikaja wiki mbili za mawingu. Mbingu ilipofunguka niliandika 5.1, kwa sababu ndiyo niliyoitarajia. Kesho yake nilitoka bila daftari, nikalinganisha na nyota zenyewe tu, ikatoka 5.8. Nikarudia, 5.8 tena. Nilifuta nusu ya msimu ule, na bado inaniuma. Tangu hapo naandika kwenye kikaratasi kitupu: tarehe, saa, majina ya nyota mbili nilizolinganisha, na Mira iko sehemu gani kati ya mng'ao wa hizo mbili. Hesabu naifanya ndani, baadaye.

Ushauri wangu ni uiache Mira kidogo. Mzunguko wake ni siku 332 hivi, utangoja sana kujua kama unapima sawasawa. Nenda kwa Eta Aquilae kwenye kundinyota la Ukabu (Aquila), kusini ya nyota angavu Tairi (Altair). Ndiyo ileile ambayo mwanaastronomia Edward Pigott aligundua mwaka 1784 kuwa inabadilika. Rangi yake ni ya manjano, haitakuhadaa kama nyekundu, na inamaliza mzunguko kwa siku 7.2, kati ya 3.5 na 4.3 hivi. Nyota za kulinganisha ni Delta, 3.4, na Iota, 4.4, zote za Ukabu. Jiulize: kutoka Delta kuelekea Iota, Eta imefifia sehemu ngapi kati ya kumi? Ukiona nne, ni 3.8. Zote tatu hazitaingia pamoja kwenye lenzi, kwa hiyo hamisha darubini harakaharaka kutoka moja hadi nyingine. Baada ya wiki tatu zenye usiku wa kutosha usio na mawingu, chora. Utaiona ikipanda kwa siku mbili tatu na kushuka polepole siku zilizobaki, na hakuna mtu atakayekuwa amekuambia.

Ukirudi kwa Mira, tumia ramani za AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota badilifu kilichoanza mwaka 1911 na kinachopokea makadirio ya yeyote. Kwenye ramani zao 34 maana yake ni 3.4, nukta imeachwa makusudi isidhaniwe kuwa nyota. Mira inaweza kufifia hadi karibu 9 au zaidi, na kuna miezi utaikosa. Usiache nafasi wazi. Andika nyota hafifu kuliko zote uliyoiona pale, mfano 8.2, na kwamba Mira ilikuwa chini ya hapo. Hicho nacho ni kipimo, na wanaochora wanakihitaji. Ila usichungulie namba za wengine kabla hujatuma yako.

Ukijibu, taja Mira uliilinganisha na nyota zipi mbili, na saa ngapi kila mara. Hapo tutajua 0.5 ile ilitoka kwenye rangi au kwenye shingo.