Maswali ya Wasomaji: Injini ya Supachaja Ndani ya Corolla ya Kawaida

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu. Ninamiliki Toyota Corolla AE100 yenye injini ya 5A-FE ambayo imechoka na inakula oili. Nimenunua hafukati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa) ya Corolla Levin AE101 GT-Z kutoka Japani, ikiwa na injini ya 4A-GZE, supachaja yake (pampu inayozungushwa na mkanda ili kuisukumia injini hewa), gia boksi, waringi na kompyuta. Kazi ya kubadilisha injini bado haijaanza. Fundi wangu anapendekeza kwamba, maadamu injini iko nje, tufunge puli kubwa zaidi kwenye krankshafti ili supachaja izunguke kwa kasi zaidi. Sababu yake ni kwamba jamaa yangu mmoja, aliyefunga injini kama hii hapa Nairobi, huona psi 8 tu (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa) kwenye geji, ilhali inajulikana kwamba injini hizi hutoa psi 10. Gari nitalitumia mjini, na mara kwa mara nitateremka nalo Mombasa kuwaona wazazi. Je, fundi yuko sahihi? Na ni mambo gani mengine niyafanye kabla injini haijaingia garini? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kufungua mfuko. Puli hiyo usiifunge sasa, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa kosa hili limeharibu injini nyingi nzuri.

Psi 8 anazoziona jamaa yako si dalili ya supachaja iliyochakaa. Supachaja ya SC12 iliyomo kwenye 4A-GZE ni ya aina ya Roots, na kila inapozunguka mara moja husukuma takriban lita 1.2 za hewa, wakati injini yenyewe, yenye ujazo wa cc 1587, huvuta karibu lita 0.8 tu kwa kila mzunguko wa krankshafti. Hewa inayozidi ndiyo inayojazana kwenye manifoldi na kuleta msukumo. Kwa hiyo supachaja haitengenezi idadi maalumu ya psi. Huzidisha hewa inayoikuta pale ilipo. Kandokando ya bahari hewa ina msukumo wa psi 14.7, na injini ya toleo la pili, ambalo ndilo lako, huongeza psi 10 juu yake, yaani huizidisha hewa ile kwa takriban 1.68. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ina msukumo wa psi 12 hivi. Zidisha 12 kwa 1.68, kisha uondoe zile 12 ambazo geji haizihesabu, nawe utabaki na psi 8 na nukta kidogo. Geji ya jamaa yako inasema kweli, na supachaja yake ni nzima.

Sasa fuata hesabu hiyohiyo ukiwa na puli mpya. Fundi akichagua puli itakayokupa psi 10 ukiwa Nairobi, atakuwa ameizidisha hewa kwa takriban 1.83. Siku utakapoteremka Mombasa na kukanyaga mafuta katika barabara ya Mariakani, geji itapanda hadi psi 12.2 hivi bila mtu yeyote kugusa kitu. Kompyuta ya injini za toleo la pili haipimi hewa kwa kile kibao cha zamani kilichosukumwa na upepo. Hupima msukumo kamili ndani ya manifoldi kwa sensa. Gari lililotuniwa Nairobi peke yake halijawahi kufika kwenye sehemu ya ramani ya petroli na taimingi (jedwali la kompyuta linaloamua kiasi cha petroli na wakati wa cheche) ambayo litaihitaji Pwani. Fundi aliyelitunia hajawahi kuiona sehemu hiyo ikifanya kazi, na injini itaikuta kwa mara ya kwanza ukiwa umebeba familia, jua likiwa kali.

Joto nalo huongeza hatari. Supachaja ya Roots haibani hewa ndani yake. Huibeba tu kati ya meno ya rota na kuitupa kwenye manifoldi, ambako hubanwa na hewa iliyotangulia, na kwa njia hiyo hupashwa moto kuliko inavyopaswa. Hewa ya nyuzi 32 za Mombasa ikizidishwa mara 1.68 ingefika zaidi ya nyuzi 80 hata kama supachaja ingefanya kazi bila hasara yoyote. Katika hali halisi huweza kuvuka nyuzi 100 kabla ya kuingia kwenye intakula, yaani kipozea hewa. Hewa ya moto, petroli isiyotosha na taimingi iliyotangulia vikikutana, mchanganyiko huripuka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Pistoni za 4A-GZE ni za kufua, si za kumimina, na ndiyo maana huvumilia kuliko za 4A-GE ya kawaida, lakini hakuna pistoni ya aluminiamu inayovumilia kugonga kwa muda mrefu.

Kwa hiyo anza na nguvu za kiwandani. Toyota iliitoa injini hii mwaka 1986 ikiwa na nguvu farasi 145 na ubanaji wa 8.0 kwa 1. Toleo la pili likapandishwa hadi 8.9 kwa 1 na kufikia 165, na lilipofungwa kwenye AE101 likafika 170. Gari lako lilizoea takriban 100. Niamini kwamba tofauti hiyo utaihisi hata ukiwa Nairobi, na kwa kuwa kompyuta ya kiwandani iliandaliwa kwa nchi yenye miji mingi ya pwani, safari ya Mombasa haitaishtua.

Fedha uliyotenga kwa ajili ya puli itumie kwa mambo ambayo yatakuwa magumu baadaye. Badilisha mkanda wa taimingi pamoja na puli zake za kukaza, pampu ya maji, sili za mbele na za nyuma za krankshafti, na klachi nzima. Fungua sampo utazame bering za konrodi. Injini ikiwa juu ya stendi hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na ikiwa ndani ya gari ni adha. Pima kompresheni ya silinda zote nne kabla ya kununua chochote kingine, kwa sababu silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mpango wote unabadilika na kuwa wa kufanya ovahauli.

Supachaja yenyewe ikague kwa mikono yako. Zungusha shafti yake taratibu: izunguke kwa ulaini, bila kukwaruza na bila kuchezacheza kwenye bering. Kisha mulika tochi kwenye tundu la kutolea hewa. Rota zina koti jembamba juu ya aluminiamu. Koti likiwa limechubuka kwa mistari mirefu inayong'aa, rota zimeanza kugusana au zimemeza uchafu. Ukikuta oili imelowa ndani ya tundu hilo, sili ya upande wa gia imeachia. Supachaja hii ina oili yake yenyewe, kiasi kidogo kisichochanganyika na oili ya injini, na watu wengi huisahau kwa sababu taa ya oili kwenye dashibodi haihusiki nayo hata kidogo. Supachaja nyingi zilizokufa hapa kwetu zilikufa kwa kukosa oili hiyo tu.

Kuhusu kufunga, una bahati ya kuwa na gari linalofaa. AE100 na AE101 ni ndugu wa kizazi kimoja, kwa hiyo maunti na drivushafti za hafukati yako zitakusaidia. Tumia gia boksi iliyokuja na injini, kwa maana ile ya 5A-FE haikuundwa kubeba mzigo huo. Chukua pia breki za hafukati pande zote. Usiongeze nguvu za gari huku ukiliacha na breki za injini ndogo.

Jambo ambalo mafundi huliruka ni boneti. Intakula ya injini hii hukaa juu ya injini, na Levin iliyotoka kiwandani ilikuwa na tundu kwenye boneti la kuipelekea hewa. Boneti ya Corolla yako ni bapa. Ukiifunga hivyo, intakula itapumua hewa iliyopashwa na injini na ekzosi, na kwenye foleni ya Mombasa Road itageuka kuwa kipasha joto. Ama uhamishe boneti ya hafukati, ukikubali kazi ya kuilinganisha na mbele ya gari lako, ama ukate tundu na kulijengea njia inayoziba kandokando ili hewa ipite katikati ya intakula, isiizunguke. Mimi ningeweka fedha hapa kabla ya mahali pengine popote.

Baada ya miezi michache ya kuendesha bila tatizo, ukitaka kuongeza, fuata mpangilio huu: kwanza kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzosi, kisha pampu ya petroli na injekta zinazotosha, kisha kompyuta inayoweza kutuniwa, na puli iwe ya mwisho. Injini ikiwa chini ya msukumo, uwiano ubaki kati ya 11.5 na 12 za hewa kwa 1 ya petroli. Tumia plagi za baridi zaidi kwa daraja moja. Kwa plagi za NGK, namba kubwa ndiyo ya baridi zaidi. Mwambie atakayetunia aache nafasi ya usalama kwenye taimingi katika msukumo ambao Nairobi haiufikii, kisha ukifika Pwani mara ya kwanza uendeshe kwa upole, halafu utoe plagi na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia. Vitone vidogo vya rangi ya fedha juu ya kauri nyeupe ni aluminiamu ya pistoni zako. Ukiviona, acha kukanyaga mafuta mpaka sababu ijulikane. Na petroli iwe ya oktani ya juu daima: injini hii ilikusudiwa petroli bora ya Japani, ambayo kwa viwango vya huko huanzia oktani 96, na usidhani kwamba super ya kituo chochote inalingana nayo.

Namba na ujazo wa injini vimeandikwa kwenye logbuku. Hifadhi hati za ununuzi na za forodha, uijulishe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama) mabadiliko hayo, na uiarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, nina injini ya 4A-GZE iliyofungwa na fundi hapa Dar es Salaam. Waya wa klachi ya supachaja ameuunganisha moja kwa moja na swichi ya gari, ili supachaja izunguke muda wote. Anasema hivyo nguvu hazichelewi. Tangu hapo gari linakula petroli sana na mkanda umekwisha mapema. Je, kuna uhusiano? (Msomaji, Ilala)

JIBU: Uhusiano upo, na ni wa moja kwa moja. Toyota iliiwekea SC12 klachi ya sumaku, inayofanana kwa kazi na ile ya kompresa ya AC, ili kompyuta iiwashe mzigo unapohitaji na kuizima gari linapokwenda kwa upole. Ikizungushwa muda wote hula nguvu za injini bure, hupasha hewa moto hata kwenye foleni, na huulazimisha mkanda kuvuta mzigo usio na faida. Kama fundi aliuunganisha waya huo kwa sababu klachi ilikuwa haishiki, basi alificha tatizo badala ya kulitengeneza. Mwombe apime mambo matatu kwa utaratibu: kama koili ya klachi inatoa mlio wa kubana inapopewa umeme wa betri, kama rilei yake inafanya kazi, na kama kompyuta iliyofungwa kweli ni ya 4A-GZE. Hilo la tatu ndilo ninalolishuku zaidi, maana kompyuta ya 4A-GE isiyo na supachaja haina amri ya kuitumia klachi hiyo, na wala haina ramani ya petroli ya injini iliyo chini ya msukumo. Ikigundulika kwamba ndivyo ilivyo, usiliendeshe gari kwa kasi mpaka ipatikane kompyuta sahihi. Hakikisha pia sensa ya kugonga imeunganishwa, kwa kuwa katika kazi za haraka waya wake huachwa ukining'inia.

SWALI: Nimeshauriwa kutoa SC12 na kufunga SC14 ya Crown, au kuachana na supachaja kabisa na kuweka turbo. Kipi bora? (Msomaji, Arusha)

JIBU: SC14, iliyokuwa kwenye injini ya 1G-GZE ya silinda sita, husukuma takriban lita 1.4 kwa mzunguko, kwa hiyo hutoa hewa ileile ikizunguka polepole zaidi. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtu ambaye tayari ameikimbiza SC12 mpaka ukomo wake. Hata hivyo itakubidi utengeneze braketi mpya, na mpangilio wa puli ukipinda hata kidogo, mkanda utaruka. Turbo hutoa nguvu nyingi zaidi kwenye mizunguko ya juu, na pistoni za 4A-GZE zinaifaa, lakini utahitaji manifoldi ya ekzosi, njia za oili na za maji, intakula ya mbele na kompyuta mpya, na utaupoteza ule mvuto wa chini unaoifanya injini hii ndogo ipande mlima kwa urahisi. Kwa gari la kila siku huko Arusha, ningeitunza SC12 iliyo nzima, nikabadilisha oili yake, na kuipatia intakula hewa ya kutosha. Mji wako uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hesabu niliyompa msomaji wa Nairobi inakuhusu nawe kila utakapoteremka Tanga.