Uliza kwanza ni yoga gani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Aina za yoga zinatofautiana kweli, au ni majina tu?" Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na jibu langu nimelilipia kwa kifundo cha mkono.

Mwaka jana mgongo ulinisumbua kwa kuinamia cherehani kutwa. Rafiki yangu akanipeleka kwenye darasa lake la yoga. Sikuuliza ni yoga gani. Nilidhani ni kukaa kimya na kufumba macho. Kumbe ni ashtanga! Pumzi moja, mkao mmoja. Hujatulia, mwalimu keshahamia mwingine, na kila mara unarudi chini kujibeba kwa mikono. Siku ya tatu kifundo kikavimba. Wiki mbili sikushika mkasi.

Mwalimu wa pili, mama mtu mzima, aliniuliza kwanza kazi yangu. Yeye hufundisha mtindo wa Iyengar. Kwake saa nzima inaweza kuishia kwenye mikao sita, unarekebishwa wayo, goti, bega. Asiyefika husaidiwa kwa kiti, mkanda au tofali la mbao; mkanda wangu mimi ni leso. B.K.S. Iyengar mwenyewe, aliyezaliwa India mwaka 1918, utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Ukijua hilo, kile kiti hukishangai. Alifunzwa mjini Mysore na shemeji yake, Krishnamacharya, na huyohuyo ndiye aliyemfunza Pattabhi Jois, aliyeieneza ashtanga. Basi asije mtu akakwambia yake ndiyo yoga halisi na ya mwenzake ni mzaha.

Zipo nyingine. Yin ni ya taratibu: unakaa mkao mmoja dakika 3 hadi 5, na kazi ni kuvumilia. Bikram ni mikao 26 ndani ya chumba cha joto la nyuzi 40 hivi. Hiyo nawaachia watu wa Limuru kwenye baridi, mimi Februari joto nalipata bure chini ya bati. Na bango likiandikwa "hatha" peke yake, uliza zaidi, maana hilo ni jina la ukoo mzima wa yoga za mikao.

Rafiki yangu bado yuko ashtanga na inamfaa. Jumamosi hunipitia akitoka darasani, jasho linamchuruzika, akanikuta nimelala chali, miguu nimeiegemeza ukutani, cherehani imefunikwa.