Mtoto Aliyepona Lukemia: Tunza Daftari la Dawa Alizopewa

Matibabu ya lukemia, yaani saratani ya damu, ya aina inayowapata zaidi watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu, na yakiisha familia nyingi hurudi nyumbani zikiamini kwamba habari za kliniki zimekwisha. Mimi ni mama wa binti aliyeugua akiwa darasa la kwanza hapa Mwanza, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu ni huu: kabla hamjaagana na daktari, omba akuandikie majina ya dawa zote alizopewa mtoto, jumla ya kipimo cha kila moja, na kama alipigwa mionzi na sehemu gani ya mwili.

Sababu kubwa ni moyo. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za saratani, ambayo wodini tuliiita "ile nyekundu" kwa kuwa hata mkojo wa mtoto hubadilika rangi, inaweza kudhoofisha misuli ya moyo miaka mingi baadaye, na kwa muda mrefu mhusika asihisi chochote. Hatari huongezeka kadiri jumla ya doksorubisini na dawa za kundi lake ilivyokuwa kubwa. Miongozo ya kimataifa inataka aliyepata miligramu 250 au zaidi kwa kila mita mraba ya eneo la mwili apimwe eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kila baada ya miaka 2, na aliyepata kati ya 100 na 250 kila baada ya miaka 5. Kupimwa presha peke yake hakutoshi. Anayetoka Ukerewe au Sengerema kwenda hospitali ya Bugando hapa Mwanza ajipangie safari hiyo mapema, kwa sababu nauli na siku za kazi zinazopotea ndizo zinazowafanya wengi waahirishe.

Shuleni ndiko tulikotaabika zaidi. Methotreksati, dawa nyingine ya lukemia, huchomwa kwenye uti wa mgongo ili ugonjwa usipate maficho katika ubongo, lakini kwa baadhi ya watoto huacha shida ya umakini na wepesi wa kufikiri, na waliopigwa mionzi ya kichwa huathirika zaidi, hata katika ukuaji na homoni. Dawa ya vinkristini nayo huumiza neva za mikono na miguu; kandambili zilikuwa zikimvuka binti yangu njiani bila yeye kujua, na kalamu hakuweza kuikamata sawasawa. Maswali ya mdomo aliyajibu vizuri, ila wenzake walipokusanya madaftari yeye alikuwa bado ananakili swali la tatu ubaoni. Mwalimu mmoja alimwita mvivu, jambo ambalo hadi leo linanikera. Aliyempokea mwaka uliofuata alimketisha mbele, akampa nakala ya maswali na muda wa ziada, na alama zikapanda. Nendeni kwa mwalimu mkuu mkiwa na barua ya daktari, wala msingoje matokeo mabaya.

Kuhusu mifupa nitasema kwa ufupi. Deksamethasoni na prednisoloni, dawa za kundi la steroidi wanazopewa pia watoto hawa, zinaweza kuharibu mfupa wa nyonga au goti kwa kuukosesha damu, hasa kwa waliotibiwa wakiwa na zaidi ya miaka 10. Kijana wa namna hiyo akianza kuchechemea, msimkande kwa mafuta mkisema ni baridi yabisi. Apelekwe hospitali, na ikumbukwe kwamba picha ya eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana safi ilhali tatizo lipo.

Kwa wasichana, daftari la dawa lifike mpaka kliniki ya wajawazito, kwa kuwa mimba huuongezea moyo kazi. Binti yangu alipolionyesha, mkunga alimwandikia rufaa ya eko siku hiyo hiyo. Eko hiyo ifanyike kabla ya kubeba mimba au katika miezi mitatu ya kwanza, na mjamzito wa aina hii akipumua kwa shida au akivimba miguu, asiambiwe kwamba ndivyo mimba zilivyo kabla moyo wake haujapimwa.