Betri haijafa, imepigwa na baridi

Unajiuliza kama betri ya kamera yako imekufa na ununue nyingine? Hapana, usinunue mpya kwanza. Betri inayozima ghafla ukiwa nje unapiga picha za ndege kwenye baridi, wakati asubuhi ilisoma imejaa, mara nyingi ni nzima kabisa. Baridi hupunguza kasi ya kemikali ndani ya betri za lithiamu, umeme unatoka kwa shida, kamera inadhani chaji imekwisha. Itoe, itie mfuko wa ndani karibu na mwili kama dakika 20, kisha irudishe, utaona asilimia zimepanda tena. Mimi hubeba mbili, moja kazini na moja kifuani, nabadilishana hivyo kutwa. Nilijifunza siku bundi alipotua mita chache tu mbele yangu, nabonyeza, skrini nyeusi tii!

Ila usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, hapo ndipo unaiharibu kweli. Isubiri ipate joto la chumba. Na kama inazima hata ukiwa ndani kwenye joto, basi hiyo imechoka, baridi haina kosa.