Kazi ya msimu kambini kwa malipo ya nafasi ya hema: je, ni halali?

SWALI: Shikamoo wakili. Nimemaliza chuo cha utalii na kwa sasa nakaa kwa dada yangu Mbagala. Kuna mzee ana kambi ya mahema ufukweni Kigamboni, mbele ya Mjimwema. Anataka nimfanyie kazi kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba, wageni wanapokuwa wengi. Mshahara hakuna, ila nitapiga hema langu ndani ya kambi bure, na maji, umeme na chakula cha mchana ni juu yake. Kazi ni kupokea wageni, kusafisha vyoo na mabafu, na kuwasha moto jioni. Muda ni saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, halafu saa kumi jioni hadi saa nne usiku, kila siku. Anasema Marekani watu wanaishi hivyo miaka nenda rudi. Je, sheria inaruhusu? Nikikubali, tuandikishane nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujahamisha hema.

Nianze na Marekani, maana ndiyo hoja anayokutisha nayo. Ni kweli, watu wengi huko, hasa wastaafu wenye magari ya kuishi, hufanya kazi kambini msimu mzima na kupewa nafasi ya kuegesha. Lakini wapo wa aina mbili. Wanaojitolea kwenye hifadhi za serikali, sheria inawatambua kama watu wa kujitolea. Anayefanyia kazi kambi ya biashara kwa kawaida analindwa na sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938, na malipo ya saa zake hutakiwa kufikia kima cha chini, ingawa baadhi ya kambi za msimu husamehewa. Thamani ya makazi inaweza kuhesabiwa ndani ya malipo kwa masharti, lakini haiondoi hesabu ya saa. Kwa hiyo hata huko, "njoo ukae bure ufanye kazi saa zote" si ruhusa ya jumla.

Sasa turudi Kigamboni. Mzee anaweza kukuambia wewe si mfanyakazi, ni kijana anayejitolea. Asikubabaishe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa hata jambo moja tu kati ya yaliyotajwa pale lipo: mtu mwingine anampangia namna ya kufanya kazi, au anampangia saa, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wewe umepangiwa hadi saa ya kurudi baada ya mapumziko ya mchana. Jukumu la kuthibitisha kwamba si mwajiriwa wake litakuwa lake.

Ukishakuwa mwajiriwa, inakuja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na unastahili saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Kazi ya ziada isizidi saa 50 katika wiki nne. Ratiba yako ni saa 11 kwa siku, yaani 77 kwa wiki. Ziada peke yake ni saa 32 kila wiki, 128 kwa wiki nne. Ratiba hiyo haihalalishwi na makubaliano yoyote, hata ukisaini mwenyewe kwa hiari.

Tupime na hicho unachopewa. Mzee atakupigia hesabu kwa bei ya mgeni: nafasi moja kwa usiku, mara siku 30, na itaonekana ni fedha nyingi. Usiikubali hesabu hiyo. Wewe hutapewa nafasi ya mbele inayotazama bahari, utawekwa nyuma karibu na jenereta, mahali ambapo mgeni halipii. Kipimo cha haki ni kodi ya chumba jirani. Tuseme ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Gawanya kwa saa 308 za wiki nne: hupati hata shilingi 200 kwa saa. Hata ukiongeza thamani ya sahani ya wali maharage kila mchana, bado ni malipo ya aibu kwa mtu aliyesomea kazi yake.

Lakini kinachonisumbua zaidi kuliko udogo wa malipo ni kwamba huna mshahara wa msingi. Karibu kila haki yako inahesabiwa kutoka hapo. Saa ya ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Saa ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Zako ni mbili kila siku. Nane Nane ukiwa kazini, ni mara mbili ya mshahara huo huo. Likizo nayo: mfanyakazi wa msimu haambiwi asubiri miezi sita kama wengine, na mkiachana kabla hujaichukua unalipwa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Kwa miezi yako minne ni kama siku tisa. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara. Nafasi ya hema haizidishwi kwa moja na nusu, wala haipelekwi NSSF. Mshahara ukiwa sifuri, na haya yote anayahesabu kuwa sifuri.

Kwa hiyo mwambie hivi: "Mzee, nitafurahi kufanya kazi hapa, lakini nitajie mshahara." Usiwe chini ya kima cha sekta yake katika Amri ya Mishahara inayotumika, ambayo ofisi ya afisa kazi itakuonyesha. Akisema hana uwezo wa kulipa siku nzima, mpunguze saa. Amri hiyo ina viwango vya saa pia. Nafasi ya hema na chakula viandikwe chini yake kama stahili za ziada, kwa maana kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri aandike saa, mshahara na malipo yasiyo ya fedha.

Mwandikishane pia siku za kuhama kazi ikiisha, angalau wiki moja. Wewe kazi na makazi yako viko kwa mtu mmoja, na mkigombana saa tatu usiku usije ukajikuta na hema mkononi unawahi kivuko. Hapa uwe macho: aliye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kuachishwa kazi isivyo halali. Notisi unastahili, siku saba ndani ya mwezi wa kwanza na 28 baada ya hapo kama unalipwa kwa mwezi. Na malimbikizo ya malipo unaweza kuyadai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Weka daftari lako mwenyewe tangu siku ya kwanza: saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kila lori la watalii lililokuamsha usiku.