Notisi ziko kwenye simu, lakini hazipatikani

Swali: Nasoma chuo, mwaka wa pili. Notisi zangu zote ziko kwenye simu: picha za ubao zaidi ya mia nne, rekodi za mihadhara, na vipande vya maandishi katika programu tatu tofauti. Mtihani ukikaribia sipati ninachokitafuta. Je, ninunue kishikwambi chenye kalamu, au kuna programu bora zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue kitu kwanza. Kuhifadhi unajua, kinachokushinda ni kukipata ulichokihifadhi, na kishikwambi kitakuwa mahali pengine tu pa kupotezea notisi.

Chagua programu moja. Yoyote itafaa mradi ifanye kazi bila intaneti na ikuruhusu kutoa notisi zako kama faili za kawaida siku utakapoihama.

Kazi kubwa iko kwenye majina. Andika hivi: "2026-03-09 kemia asidi". Mwaka utangulie, kisha mwezi, ndipo siku. Simu ikipanga majina huyasoma kuanzia kushoto. Ukitanguliza siku, tarehe 3 za miezi yote zitakaa pamoja na muhula mzima utavurugika. Jina la somo nalo lisibadilike. Ukiandika "kemia" leo na "kem" kesho, ukitafuta "kemia" utapata nusu tu ya notisi zako.

Sasa picha. Picha ya ubao bado si notisi: kamera imeshika, akili haijashika. Jioni ile ile ifungue, uandike chini yake mistari mitatu kwa maneno yako mwenyewe. Hapa nasisitiza sana. Mwaka 2014 watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wanafunzi walioandika kwa kompyuta walinakili maneno mengi zaidi ya mhadhiri, lakini wakazidiwa na walioandika kwa mkono katika maswali ya kuelewa. Majaribio ya wengine baadaye hayakukubaliana yote na matokeo hayo. Hata hivyo, kufupisha kwa maneno yako hukulazimisha ujue ulichoelewa na usichoelewa, na hilo picha haiwezi kukufanyia.

Rekodi ya saa moja itakula saa moja nyingine kuisikiliza. Omba kwanza ruhusa ya mhadhiri. Kisha, ukipotea katikati ya somo, andika dakika tu: "23, sijaelewa". Nyumbani utarudi hapo hapo.

Jambo moja huwaumiza wengi: kusawazisha na mtandao, yaani simu na hifadhi yako ya mtandaoni kufanana kila wakati, si sawa na kuweka nakala ya akiba. Ukifuta notisi kwenye simu, mara nyingi hufutika na kule pia. Kila Ijumaa nakili folda yako kwenye kompyuta au flashi.

Zile picha mia nne usizipange zote, utachoka kabla hujaanza. Toa za somo lenye mtihani wa karibu, uzipe majina. Zilizobaki ziweke kwenye folda moja, uiite "za zamani", na utaratibu huu mpya uanze na kipindi cha kesho.